Mashine ya Kusaga Ikae kwa Nani

Nasema nanyi mlioko Butembo, Beni na Lubero, na kwa namna ya pekee na ndugu zetu wa Kasugho, kule ambako redio husikika milima ikikubali. Maneno yangu ya leo ni ya chakula. Nitazungumza juu ya kile tunacholima wenyewe, kikaozea shambani, kikapewa nguruwe au kikauzwa kwa bei ya bure, huku mtoto wa nyumba ileile hakui.

Mgeni akisafiri kutoka Butembo kwenda kusini hushangaa. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, tunapanda mara mbili kwa mwaka, na njiani anapishana na malori ya viazi, vitunguu na kabichi, na vijana wanaosukuma chukudu, baiskeli zetu za mbao, zilizojaa ndizi. Anajiuliza njaa inaingilia wapi hapa. Basi asikie hesabu hii. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulipima watoto wa nchi nzima walio chini ya miaka mitano, ukakuta kwamba katika kila watoto 100, watoto 43 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Katika Kivu Kaskazini, jimbo hili linalolisha miji, hesabu ilipita nusu. Na hapo mauaji ya Beni ya Oktoba 2014 yalikuwa bado, na Ebola ya 2018 ilikuwa bado.

Mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Anacheza, anacheka, anatumwa dukani na kurudi mbio. Siku ya CPS, kliniki ya watoto wadogo, muuguzi anamweka kwenye mizani, anaona uzito si mbaya sana, anaandika kwenye karatasi, mama anarudi nyumbani ametulia. Urefu haupimwi mara nyingi. Na kudumaa huongezeka sana mapema, tangu mwezi wa sita, pale maziwa ya mama yanapoacha kutosha peke yake, hadi mwaka wa pili. Katika miezi hiyo mtoto anapewa uji wa muhogo au wa mahindi, tena mwepesi. Akiota meno anaingia kwenye bugali wa muhogo, obundu wetu, na sombe, yaani majani ya muhogo. Sina ugomvi na muhogo. Umetuokoa miaka mingi ya kukimbia, kwa sababu unakaa ardhini ukimngoja mwenyewe arudi. Lakini unga wake una protini isiyofika hata gramu 2 katika kila gramu 100. Maharage makavu yana gramu 22 hivi, na soya ina 36. Tumbo la mtoto ni dogo, likishajazwa muhogo, nafasi ya kitu kingine haipo.

Haya si mambo mapya. Wazee wanaujua ugonjwa wa bwaki, miguu kuvimba, nywele kubadilika rangi, mtoto kukaa amenuna mchana kutwa. Kule Lwiro, upande wa Kivu Kusini, Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC mwaka 1947, na utapiamlo wa watoto wa milima ya Kivu ukawa moja ya mambo yaliyochunguzwa pale kwa miaka mingi. Soya imehubiriwa kwetu tangu zamani hizo, na masista, na waagronomi, na mashirika yanayokuja na kuondoka. Mbegu zimegawiwa, mikutano imefanywa, picha za sahani yenye rangi tatu zimebandikwa kwenye kuta za vituo vya afya. Sasa mbona soya bado ni mgeni katika vyungu vyetu?

Mimi nasema ni kwa sababu tumewafundisha wamama kupanda, kisha tukawaachia peke yao kazi yote inayofuata mavuno.

Tuitazame hiyo soya kwa karibu. Maharage unayachagua, unayaosha, unayapika, unakula. Soya haikubali urahisi huo. Ikiwa mbichi ina kitu ndani kinachozuia tumbo kuimeng'enya protini yake, ndiyo maana mama aliyejaribu kumpikia mtoto uji wa soya iliyosagwa mbichi aliona tumbo linamsumbua mtoto, na hakurudia tena. Simlaumu hata kidogo. Soya inataka ichaguliwe, ioshwe, itumbukizwe kwenye maji yanayochemka na ikae humo kama nusu saa, imenywe maganda, ianikwe mpaka ikauke kabisa, ikaangwe mpaka inukie, ndipo isagwe. Sasa hesabu mizigo ya kuni. Hesabu madumu ya maji yanayotoka bondeni yakipanda kwa mgongo. Hesabu asubuhi ambazo jua la Kasugho halitoki kwenye ukungu mpaka saa nne. Mama huyu ndiye aliyelima, ndiye aliyepalilia, ndiye atakayepika jioni, na mtoto yuko mgongoni wakati wote huo. Tukisema amepuuza lishe ya mtoto wake tunamwonea.

Na akimaliza yote hayo, anafika kwenye mashine ya kusaga na mwenye mashine anamkatalia. Mahindi anasaga, muhogo anasaga, ila soya anamwambia arudi nayo. Mwenye mashine naye ana sababu. Soya ina mafuta mengi, karibu gramu 20 katika kila gramu 100. Ikisagwa peke yake inaganda kwenye chujio, matundu yanaziba, mota inapata moto, na mteja wa muhogo anayefuata analalamika kwamba unga wake unanuka. Dawa yake ni ndogo mno kiasi kwamba inauma kufikiri ni wangapi hawajaambiwa: soya ichanganywe na mahindi makavu kabla ya kuingia mashineni, kopo moja la soya kwa makopo matatu ya mahindi. Unga wa mahindi unayanyonya yale mafuta, chujio linapumua, na kinachotoka ni unga wa uji ulio tayari kwa mtoto. Ndiyo njia ile ile ya sosoma, mchanganyiko wa mtama, soya na mahindi, unaojulikana Rwanda na kwetu Kivu na kuuzwa kwa pakiti kwenye maduka ya mjini.

Hapo kwenye pakiti ndipo moyo wangu unapochomeka. Mama wa kijijini anauza soya yake ikiwa mbichi, kwa kopo, kwa mchuuzi anayekuja siku ya soko. Soya inapanda lori, inakaangwa na kusagwa mjini, inatiwa kwenye mfuko wenye picha ya mtoto mnene. Mfuko huo ukirudi mlimani una bei ambayo yule mama hawezi kuigusa. Tofauti kati ya bei ya kopo na bei ya mfuko ni malipo ya kukaanga, kusaga na kufunga. Kazi hizo tatu anaziweza. Nyumbani anazifanya kila siku na hakuna anayemlipa.

Tena kuna jambo la kiufundi linalowapa nguvu wamama wa vijijini, nalo halisemwi vya kutosha. Unga wenye soya hauvumilii kukaa. Yale mafuta yanachacha. Katika joto la Beni huanza kunuka baada ya wiki chache, milimani utakaa zaidi kidogo, lakini si unga wa kuhifadhi mwaka mzima. Kwa hiyo unataka kusagwa kidogo kidogo, karibu na sufuria. Barabara mbovu ya Kasugho, ambayo tumezoea kuiona kama laana tupu, hapa inamlinda msagaji wa kijijini: unga wake utakuwa mpya siku zote kuliko ule uliokaa safarini.

Wengine wataniambia kwamba dawa ya utapiamlo tayari ipo, ni ile pakiti ya Plumpy'Nut. Ile ni tiba. Ilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1990 kwa karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, imetengenezwa hata Lubumbashi, na imeokoa watoto wengi sana ambao utepe wa kupimia mkono ulikuwa umeonyesha rangi nyekundu. Utepe huo ukionyesha chini ya sentimita 11.5 mtoto yuko hatarini, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asingojeshwe uji wa mtu yeyote. Lakini mtoto akishapona anarudi kwenye chungu cha nyumbani, na chungu hicho ndicho ninachozungumzia.

Nije sasa kwenye papai, maana papai lina somo letu wenyewe, la hapa Beni, na sipendi tulisahau. Kwa miaka mingi ukanda wa Beni ulijulikana mbali kwa papaini, ule utomvu mweupe unaotoka ngozi ya papai bichi ikichanjwa. Asubuhi watu walipita na wembe, wakachanja matunda, wakakinga utomvu, ukakaushwa na kusafirishwa ng'ambo. Huko unalainisha nyama na kusafisha bia. Ilikuwa kazi ya usindikaji hasa, zao ambalo kwingine linaliwa tu hapa likawa bidhaa ya dunia. Na fedha iliingia, sikatai. Lakini papai lililochanjwa lina makovu mwili mzima, mnunuzi sokoni halitaki, ingawa ndani ni tamu na salama. Mengi yaliozea chini ya miti. Papai limejaa kile kinachogeuka vitamini A mwilini mwa mtoto. Tukauza utomvu, tukaacha tunda. Kahawa na kakao ni mlango wa pili wa nyumba hiyohiyo: mzigo unatoka, fedha inaingia mfuko wa baba, na mtoto anakula obundu na sombe kama jana.

Ndiyo maana siwezi kukubali maneno mepesi kwamba ukiongeza kipato cha familia lishe itajileta yenyewe. Inategemea kipato kimeingia mkono gani, na zao lenyewe lina nini cha kubaki nyumbani baada ya kuuzwa. Hapa mazao ya wamama yana sifa ambayo kahawa haina. Boga, lengalenga, soya, majimbi, kiazi kitamu: yote hayo hukaa pembeni ya shamba, kando ya muhogo, karibu na jiko. Mwanamume hayahesabu. Mwagronomi akija kupima mavuno hayaandiki. Mama anayapanda bila kuomba ruhusa na anayavuna bila kutoa hesabu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Boga, kwa mfano. Tunachemsha nyama yake, mbegu tunatupia kuku au tunaziacha zikauke juu ya bati mpaka panya wazipate. Mbegu za boga zikikauka zina protini ya kiasi cha gramu 30 katika kila 100, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta mazuri. Zikaange, uzitwange, utie ndani ya sombe au lengalenga, na mboga inakuwa nzito, mtoto anaramba sahani. Kinshasa mbegu za jamii hiyo zinaitwa mbika, zinapikwa kwa heshima siku ya wageni, na zina bei. Kwetu hazina bei kwa sababu hakuna aliyezikusanya pamoja, akazipepeta, akazipima kwa kilo. Kazi hiyo haihitaji mota wala dizeli. Inahitaji wamama ishirini wakubaliane siku ya kuleta.

Lengalenga nalo lina yake. Wakati wa mvua linajaa mpaka linatupwa, kiangazi kikifika mama ananunua fungu dogo kwa falanga nyingi. Majani hukaushwa, lakini yasianikwe kwenye jua kali kama nguo, kwa sababu jua hilo linaua vitamini A. Yakaushwe kivulini, kwenye hewa inayopita, juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka ardhini. Na yakipikwa yatiwe mawese, ila mawese yasichomwe mpaka yageuke meupe kama wengi wetu tulivyozoea, maana ule wekundu ndio vitamini yenyewe. Bila mafuta kidogo, mwili wa mtoto haupokei vizuri vitamini A hata ukimpa majani ya kilima kizima. Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia maisha yake ya kazi kuchunguza mboga za namna hii zilizokuwa zikidharauliwa kama chakula cha maskini, na leo mnavu na mchicha vinauzwa Nairobi kwenye maduka makubwa.

Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa nitakitaja kwa sababu kina jirani zetu nyuma yake. Robert Mwanga, Mganda, ni mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuzalisha mazao yenye lishe zaidi, na yeye alifanya kazi ya kiazi hiki. Gramu 125 tu zinatosha vitamini A ya siku nzima ya mtoto mdogo. Rwanda hawakuishia kwenye kukichemsha. Kule Nyirangarama, kiwanda cha Sina Gérard kimetengeneza biskuti ambazo sehemu ya unga wa ngano imetolewa, ikawekwa kiazi hicho kilichopondwa. Nikiwaza hivyo nawaona wamama wa Butembo wanaoamka saa tisa za usiku kukaanga mandazi. Unga wao wa ngano unapitia Kasindi na bei yake inafuata dola. Kila sehemu ya unga inayoachia nafasi kiazi kilichopondwa ni dola iliyobaki hapa. Ila tuseme ukweli, kiazi kilichopondwa hakilali, keshokutwa kimeharibika. Kukitoa Kasugho kikiwa kimepondwa mpaka Butembo ni kujidanganya. Mandazi ya Kasugho yakaangwe Kasugho, kwa ajili ya soko la Kasugho na wanafunzi wake, na Butembo wapande viazi vyao kandokando ya mji.

Sasa nirudi kwenye mashine, kwa sababu hapo ndipo kila mpango unapovunjikia. Nimeona zaidi ya kijiji kimoja ambapo mashine ya kusaga iliwasili kwa jina la wamama. Wakaimba, wakapiga picha, wakaandika ubao. Msimu wa pili ukakuta ufunguo uko kwa baba mmoja, kwa sababu yeye anajua kutengeneza mota, au ana pikipiki ya kuleta mafuta, au kibanda kimejengwa kwenye kiwanja chake. Hakuiba. Iliteleza tu, kidogo kidogo, ikafika kwake. Wamama wakaendelea kupanga foleni na kulipa kama wateja wa mashine yao.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaamuliwe kabla mota haijashuka kwenye lori. Kibanda kiko juu ya ardhi ya nani, na karatasi iko wapi? Kwetu ardhi inapita kwa mwami, mtawala wa jadi, na kwa ukoo, na mwanamke mara nyingi analima pale ambapo mume au kaka amemwonyesha. Mwami akikubali kutoa kiwanja kidogo kwa kikundi, mbele ya mashahidi, na kuandika, amefanya kazi kubwa kuliko aliyenunua mota. Msichana gani amefundishwa kubadilisha chujio na mkanda, kwenye mashine yenyewe, mpaka mikono ikachafuka? Akifundishwa mmoja ataolewa kijiji cha mbali, kwa hiyo wafundishwe watatu. Na fedha ya kununulia mota mpya siku hii itakapokufa inawekwa wapi?

Hilo la mwisho wamama wetu wanaliweza kuliko serikali. Wana vikundi vya akiba na mikopo, AVEC na muso, wanaketi kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Wanakopeshana na wanalipana. Sheria nayo imesogea upande wao. Tangu Julai 2016 marekebisho ya sheria ya familia yameondoa lile sharti la zamani la mke kupata ruhusa ya mume kabla ya kusaini mambo yake. Mwanamke aliyeolewa anaweza kufungua akaunti kwenye COOPEC, ushirika wa akiba na mikopo, na kuandikisha kikundi. Wengi hawajaambiwa, na wengine wameambiwa ila mtu wa dirishani bado anauliza, "Mumeo yuko wapi?" Butembo pana LOFEPACO, ligi ya mashirika ya wanawake wakulima, ambayo mapambano yake ni haya haya. Wamama wa Kasugho wasianze peke yao kana kwamba hakuna aliyetangulia.

Nguvu ya kuendesha mashine ni shida ya kweli. Dizeli inayopanda mpaka kule inafika ghali, na bei ya kusaga inapanda nayo. Tazama Mutwanga, chini ya Ruwenzori: maji ya mlimani yalipogeuzwa umeme na hifadhi ya Virunga, kazi ndogondogo zilifuata, na kakao ya eneo hilo ikaanza kugeuzwa chokoleti palepale badala ya kuondoka yote ikiwa magunia. Milima ya Kasugho haikosi mito. Mto mdogo unaoangusha maji unaweza kuzungusha jiwe la kusagia bila kusubiri mradi mkubwa.

Kuna neno la tahadhari, nalo silisemi kwa wepesi. Kusindika vibaya kunaua. Mwaka 2004, Ukambani nchini Kenya, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Milima yetu ina unyevu kuliko Ukambani. Mahindi na karanga za unga wa mtoto zisianikwe chini kwenye udongo, na punje yenye kuvu isitiwe mashineni eti itapotea ndani ya nyingine. Haipotei. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Hapa nawaita wanachuo wa chuo kikuu cha Graben mjini Butembo, na wa chuo kikuu cha uhifadhi na maendeleo kilichopo hapo hapo Kasugho. Kipimo cha unyevu kinashikwa mkononi. Badala ya tasnifu nyingine juu ya fikra za wamama kuhusu lishe, mwanachuo mmoja akae msimu mzima kwenye kibanda cha kusagia, apime kila gunia, awaambie wenyewe majibu kwa lugha yao.

Na kwa kuwa nimetaja chuo hicho, acha niseme jambo ambalo limenikaa moyoni. Kasugho inajulikana duniani kwa msitu. Wami wa Batangi na Bamate, pamoja na watu wao, walikubali sehemu ya ardhi yao iwe hifadhi ya Tayna, serikali ikaitambua mwaka 2006. Tangu 2010 kituo cha GRACE kinalea pale magorila yatima. Naiheshimu kazi hiyo yote. Lakini msitu ukifungwa, nyama inatoka chunguni. Ebola ikaja mwaka 2018, ikaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa imekwisha Juni 2020, na wakati huo wote tulionywa tusiguse nyama ya porini, na ilikuwa haki tuonywe. Mtoto wa Kasugho ametoa protini yake kwa ajili ya msitu na kwa ajili ya afya ya wote. Anayeupenda msitu huo, akiwa Kinshasa au Marekani, ana deni la protini kwa mtoto huyu, na soya iliyosagwa vizuri ni namna mojawapo ya kulilipa.

Vipo pia vikwazo vya nje. Karatasi za OCC, shirika la serikali linalokagua bidhaa, na za kodi zimeandikwa kwa ajili ya kampuni, na kikundi cha wamama ishirini kinapimwa kwa kipimo hicho hicho. Barieri za njiani haziulizi mfuko umebeba nini. Haya yako mikononi mwa wakubwa, nao wanatusikia.

Lililo mikononi mwa kikundi ni sheria ya ndani, nami napendekeza moja: katika kila ndoo kumi za unga wa uji unaosagwa, moja isiuzwe. Igawiwe wanachama wenye watoto wa miezi sita hadi ishirini na minne, kwa zamu, kabla ya mchuuzi kufika. Iandikwe kwenye daftari la AVEC karibu na mistari ya mikopo, na isomwe kila kikao kama deni. Bila hiyo, nina hofu, uji mzuri wa Kasugho utanenepesha watoto wa mjini, na sisi tutakuwa tumerudia papaini.

Msimu wa kupanda unakaribia, na kuna kitu cha kufanya wiki hii. Mbegu ya soya inakufa haraka ghalani, kuliko maharage, kuliko mahindi. Ile mliyoweka tangu mavuno yaliyopita huenda inaonekana nzima na haina uhai. Chukueni punje ishirini, mzifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, mziweke mahali penye joto karibu na jiko, mkilowanisha kila siku. Siku ya tano au ya sita fungueni mhesabu. Zikiota kumi na sita au zaidi, pandeni bila wasiwasi. Zikiwa kati ya kumi na kumi na tano, ongezeni punje katika kila shimo. Zikiwa chini ya kumi, soya hiyo iandaeni kama nilivyoeleza muile, na mbegu mtafute kwa jirani aliyevuna karibuni.